Ndoa Iliyosimuliwa na Mmoja

Wasomaji wetu wa nchi hii ya katikati, tangu Mpwapwa na Kongwa hata Bahi na Manyoni, wamekwisha kuzoea sinema kiasi cha kutoistaajabia tena. Siku hizi picha hutembea ndani ya simu, na mtoto wa darasa la pili aweza kuiwasha na kuizima apendavyo. Walakini si wengi wajuao ya kuwa miongoni mwa picha za mwanzo zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wetu, na watu wetu wenyewe wakiwa wachezaji, nyingi zilitengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937. Wakuu wa kazi ile walikuwa Meja Notcutt na Bwana Latham. Wazo lake lilitoka katika Baraza la Kimataifa la Misheni, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa shirika la Carnegie la New York.

Picha zile zilikuwa bubu. Sauti ilitiwa mbali, katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa Kiganda na kwa Kinyanja na kwa Kibemba na lugha nyinginezo, na sahani ikapigwa huku picha ikipita mbele ya watu. Hivyo picha moja iliweza kusema lugha hii leo na lugha nyingine kesho, kwa kubadili sahani tu. Zilipata kutengenezwa picha 35 hivi. Leo zimebaki tatu, nazo zimewekwa Uingereza: moja ni ya mafunzo ya watu wa kutibu mifugo, moja ni ya ugonjwa wa safura, na moja ni ya mashamba ya Kingolwira karibu na Morogoro.

Basi ng'ombe wamebaki, safura imebaki, na mashamba yamebaki. Hatukatai kwamba picha nyingi za mafundisho nazo zimepotea. Lakini za hadithi hazikubaki hata moja. Palikuwa na hadithi ya kijana aitwaye Gumu, aliyeacha kijiji akaenda mjini. Palikuwa na ya watu wenye fedha, mmoja akaweka zake katika benki ya posta na mwingine akazifukia, akaibiwa. Tungependa sana kuona jinsi wachezaji wale walivyokaa barazani, walivyocheka, walivyogombana, na jinsi mwanamke wa mwaka 1935 alivyompokea mumewe atokaye safari. Hayo hatutayaona.

Tulipokuwa tukiuliza habari za hadithi hizo, tuliifikia habari ya picha nyingine iliyopotea, ya mbali sana na ya zamani zaidi, nayo ni habari ya ndoa. Tangu siku ile haikututoka moyoni, na ndiyo tunayotaka kuwaeleza wasomaji.

Picha hiyo iliitwa The Homesteader, maana yake mtu aliyepewa ardhi ya pori ailime hata iwe mali yake. Ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago, tarehe 20 Februari 1919. Aliyeitengeneza ni Oscar Micheaux, mtu mweusi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Illinois. Ndiyo picha ndefu ya kwanza ijulikanayo kutengenezwa na mtu mweusi. Mwaka ule wa 1919 huku kwetu Ugogo watu walikuwa wangali katika njaa ya Mtunya, iliyofuata vita vya Wajerumani na Waingereza, ambayo wazee wetu walipimia umri wa watoto wao. Hakuna mtu wa Dodoma aliyekuwa na nafasi ya kuwaza habari za sinema za Chicago. Lakini nchi ambayo picha ile ilisimulia habari zake, mtu wa Ugogo angeitambua mara moja.

Micheaux alipokuwa kijana alikuwa mtumishi katika mabehewa ya treni yenye vitanda. Alidunduliza fedha, na mwaka 1905 akaenda South Dakota, katika wilaya ya Gregory, ambako ardhi iliyokuwa ya Wahindi Wekundu wa Rosebud ilikuwa imefunguliwa kwa wageni. (Wenyewe waliopokonywa wana kesi yao, nayo si ndogo, ila si ya leo.) Nchi ile ni uwanda mpana usio na miti mingi, wenye upepo usiochoka na mvua isiyoaminika. Waliotangulia kulima huko walijenga nyumba kwa madongo ya ardhi yaliyokatwa pamoja na mizizi ya majani yake, na wengine waliziezeka kwa udongo huohuo. Sisi tuliozaliwa karibu na matembe, ambayo paa lake ni udongo na mtama huanikwa juu yake, tulipoona picha za nyumba hizo tulitazamana tukacheka. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na theluji, na sisi tuna vumbi la mwezi wa Septemba.

Micheaux alikuwa mtu mweusi karibu peke yake katikati ya wakulima weupe, naye hakujua kilimo. Alijifunza kwa kuharibu majembe na kudanganywa katika ununuzi wa nyumbu. Kwa bidii akafaulu, akaongeza ardhi, na majirani wakamheshimu. Ndipo akataka mke. Mwaka 1910 alimwoa Orlean McCracken wa Chicago, binti wa mchungaji mwenye cheo katika kanisa la watu weusi, akamtoa katika mji mkubwa wenye taa na magari, akampeleka uwandani.

Ndoa ile haikudumu. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu, na mume hakuwapo nyumbani, alikuwa katika shughuli zake. Baba wa mke alikuja akamchukua binti yake, akarudi naye Chicago. Mume alifuata, akabembeleza, akashindwa. Mwaka 1911 ukame ukaikumba nchi ile, mazao yakaungua, na shamba nalo likaanza kumponyoka. Mtu aliyepoteza mke, mtoto na shamba katika muda mfupi hivyo, wengi wangemwona akikaa chini ya mti asiseme neno. Micheaux alikaa akaandika.

Hapa twapenda msomaji atutazamie hesabu. Mwaka 1913 alitoa kitabu The Conquest, bila kutia jina lake, nacho ni maisha yake mwenyewe yaliyobadilishwa majina kidogo sana. Mwaka 1917 alitoa kitabu kingine, The Homesteader, habari ileile ikiwa imekuzwa. Mwaka 1919 akaifanya picha ya sinema. Mwaka 1931, sinema zilipopata sauti, akairudia katika picha iitwayo The Exile. Baadaye akaandika tena kitabu kingine, The Wind from Nowhere, na kutoka katika kitabu hicho, mwaka 1948, akatengeneza picha yake ya mwisho, The Betrayal, nayo imepotea kama ile ya kwanza. Alifariki mwaka 1951. Basi mtu huyu aliisimulia ndoa yake katika vitabu vitatu na picha tatu, kwa muda wa miaka 35. Na hakuwa mjane mpweke wakati huo wote, maana mwaka 1926 alimwoa Alice Russell, mwanamke mwerevu aliyecheza katika picha zake na kumsaidia kazi hata mwisho.

Orlean hakutoa kitabu wala picha. Lililobaki kwake ni neno moja tu ambalo hutajwa na wote waliochunguza maisha ya mumewe, ya kuwa hakupenda maisha ya kule, akaona mume hamwangalii.

Sasa hadithi yenyewe ilivyokuwa katika picha. Mume, Jean Baptiste, ni mkulima mweusi wa Dakota. Anapendana na Agnes, binti wa Mskoti, lakini anamwacha kwa kuwa anamdhania kuwa mweupe naye hataki kuwakana watu wake. Anaoa Orlean, binti wa mchungaji McCarthy. (Jina la mke hakulibadili hata katika sinema, la baba mtu alilibadili, lakini kila mtu wa Chicago aliyemjua McCracken alijua asemwaye ni nani.) Huyu mchungaji ni mwenye majivuno, apenda kusifiwa, na mkwe wake hamsifu. Kwa hiyo anaivunja nyumba ya binti yake pole pole, akisaidiwa na binti yake mwingine. Orlean anapotambua alivyotumiwa anashikwa na wazimu, anamwua baba yake, kisha anajiua. Jean Baptiste anarudi uwandani, na huko inafunuliwa kwamba Agnes naye ana damu ya watu weusi. Wanaoana.

Katika maisha ya kweli Orlean hakumwua baba yake. Hilo ni la mwandishi. Nasi twaona kwamba hapo ndipo mume aliyeumizwa alipojilipa mwenyewe: mkwe auawe, mke aliyemkimbia atubu kisha afe, na mahali pake pakae mwanamke ambaye hakukosa kitu. Tumesoma hadithi nyingi zenye mwisho wa namna hiyo, nasi hatuzidharau, maana uchungu wenyewe ni wa kweli. Lakini ndani ya hadithi ile hakuna mahali ambapo Orlean anaulizwa neno.

Aliyemcheza Orlean ni Evelyn Preer, na hiyo ilikuwa picha yake ya kwanza. Baadaye alikuwa mchezaji mwenye sifa kubwa miongoni mwa watu wake, hata alipofariki mwaka 1932 akiwa angali kijana. Yeye alimpa Orlean uso, machozi na mikono. Sauti hakuweza kumpa, kwa kuwa sinema ilikuwa bubu, na maneno yote yaliyoandikwa katikati ya picha yalikuwa ya Micheaux. Twasema kweli kwamba katika mambo yote yaliyopotea pamoja na picha ile, tunalolitamani zaidi ni uso wa Evelyn Preer. Mchezaji mzuri huweza kuonyesha jambo ambalo mwandishi hakulikusudia. Yawezekana kwamba katika mikanda ile minane palikuwa na mtupo wa jicho mmoja uliomtetea Orlean, na watu wa Chicago waliuona, wakaenda nao nyumbani.

Wachungaji watatu walilalamika mbele ya watu waliokagua sinema, wakisema picha yaaibisha utumishi wao, na kwa muda ikazuiwa. Baadaye ikaruhusiwa, na ubishi ule ukaiongezea watazamaji. Ni jambo la kuangaliwa kwamba heshima ya baba mtu ilipata watu watatu wa kuitetea, tena kwa upesi.

Ilipoteaje? Kwa njia ile ile iliyopotea kwa wenzake. Kwanza nakala zilikuwa chache, na Micheaux hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Alikuwa amekataa kuwauzia Lincoln Motion Picture Company hadithi yake kwa masharti yao, akaanzisha kampuni yake kwa kuuza hisa, na baadhi ya walionunua walikuwa wakulima weupe wa pande zile waliomfahamu tangu zamani. Mikanda ilizungushwa kutoka mji hadi mji hata ikachakaa. Tena ukanda wa siku zile ulitengenezwa kwa naitreti, kitu kiwakacho moto upesi na kuoza kikikaa vibaya. Kwanza hunata kama asali, mwisho huwa unga. Na kampuni nyingi, sauti ilipokuja, ziliyeyusha mikanda bubu ili kupata madini ya fedha yaliyomo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 na maktaba kuu ya taifa la Marekani ulionyesha kwamba katika picha ndefu bubu karibu 11,000 zilizotengenezwa kule kati ya 1912 na 1929, zilizobaki katika umbo lake la kwanza ni 14 tu katika kila 100. Picha za watu weusi zilipotea kwa wingi zaidi, kwa kuwa hapakuwa na mwenye ghala aliyeona faida kuzitunza.

Hata hivyo zipo zilizofufuka. Picha ya pili ya Micheaux, Within Our Gates, ya mwaka 1920, ilihesabiwa kuwa imepotea kwa miaka mingi, kisha nakala moja ikaonekana Hispania, maneno yake yamegeuzwa Kihispania na jina lake limegeuzwa kuwa La Negra. Ikarudishwa Marekani, ikatengenezwa, na tangu mwaka 1993 watu waweza kuitazama. Nyingine, The Symbol of the Unconquered, ilipatikana Ubelgiji. Kwa hiyo wapo wanaotumaini kwamba The Homesteader nayo imelala katika chumba fulani cha chini, katika mji usiojua ilicho nacho. Sisi nasi twatumaini. Lakini tulipokuwa tukitumaini, jambo moja lilitujia: hata ikipatikana kesho asubuhi, nzima, mikanda yote minane, tutakachopata ni maneno ya mume kwa mara nyingine. Maneno ya Orlean hayakupotea mwaka 1919. Hayakuwekwa popote.

Labda jambo hili lisingetugusa hivyo kama si kwa kazi tuliyopata kuifanya sisi wenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaagiza kwamba mahakama isipokee shauri la talaka kabla ya watu hao wawili kufika mbele ya baraza la usuluhishi na baraza kuthibitisha kuwa limeshindwa, isipokuwa kwa sababu maalumu. Mwaka mmoja, katika kijiji cha upande wa Bahi, tuliombwa kuhudhuria baraza la namna hiyo, si kwa sababu ya hekima yetu, bali kwa sababu mume alikuwa ameleta karatasi na wazee wawili miwani yao ilikuwa haifai kitu.

Ilikuwa karatasi ya kurasa saba. Mume alikuwa akifanya kazi mbali, na alikuwa ameandika vizuri, kwa mpango, kwa tarehe. Fedha alizotuma, kwa mwezi. Ng'ombe wa mahari, na rangi zao. Siku ambayo baba wa mke alikuja na baiskeli akamchukua binti yake bila kuaga. Maneno makali ya mkwe yaliyoandikwa kama yalivyosemwa. Tuliisoma kwa sauti, na twakiri kwamba kufikia ukurasa wa tano watu wote walikuwa upande wa mume, hata kuku waliokuwa wakipita. Mkwe aliinuka kujibu, akaanza kuhesabu makosa ya mume, naye alikuwa msemaji hodari.

Mzee aliyekuwa mwenyekiti akamwambia, "Baba, keti kwanza. Wewe tumekusikia tangu mwaka jana."

Kisha akamgeukia mke. "Mwanangu, hii karatasi umeisikia?"

"Nimeisikia, babu."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

Watu wakaguna, wakidhani shauri limekwisha. Mzee hakuguna. Alingoja. Kwetu Ugogo wazee wa baraza wana namna ya kunyamaza ambayo mgeni huidhani usingizi. Baada ya muda mrefu yule mwanamke akasema, bila kuinua macho, "Ni kweli yote. Lakini tangu tumekaa pale, miaka minne, hajaniuliza hata siku moja maji nayachota wapi."

Mume alifungua kinywa, akakifunga. Katika kurasa saba hapakuwa na neno maji. Sisi tulioisoma tulijua. Mahali pale, kisima cha karibu kilikuwa kimekauka, na wanawake walikuwa wakitoka alfajiri na kurudi jua likiwa juu. Ng'ombe wa mahari waligawanywa kwa ndugu wa baba na wa mama, kama ilivyo desturi, kila mtu akajua fungu lake. Fungu la kuchota maji likabaki kwa mmoja. Baraza liliahirishwa. Baadaye walirudiana, na kama walikaa vema au vibaya si kazi yetu kulitangaza.

Hatusemi kwamba mume alikuwa mwongo. Hakusema uongo hata mstari mmoja. Micheaux naye, tukiondoa yale mauaji ya mwisho, huenda hakusema uongo mwingi. Baba wa Orlean huenda alikuwa hivyo hivyo alivyochorwa. Tumewaona wakwe wa namna hiyo, wenye suti na wenye mashuka. Lakini mtu aliyesimulia mara sita, miaka 35, na asiwahi kueleza mkewe alichota maji wapi katika uwanda ule, na alizungumza na nani kutwa nzima mume akiwa shambani au safarini, na alikuwa na nani usiku ule mtoto alipozaliwa mfu, huyo ametuachia pengo ambalo halitokani na kuoza kwa mikanda.

Tena twamheshimu. Neno hili lisipotee. Mwana wa watu waliokuwa watumwa, aliyelima peke yake, akaandika vitabu akavichapisha, akatembea mlango kwa mlango kuviuza, kisha bila kufundishwa na mtu akatengeneza picha zaidi ya 40, zilizo nyingi wakati watu weusi katika sinema za wenzao walipewa kazi za upishi na uchekeshaji tu: mtu huyo hana mfano wake. Sisi walimu tungekuwa na robo ya ukaidi wake, maktaba za shule zetu zisingekuwa na rafu tupu. Na kama asingeandika, leo tusingelijua jina la Orlean kabisa. Ni yeye aliyelihifadhi, akalitamka mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, ingawa kila mara alilitamka kwa shtaka.

Mwaka jana tulikieleza kidato cha tatu habari hii yote kama tulivyoieleza hapa, bila kuwaambia maoni yetu. Wavulana waliuliza mengi juu ya sinema: mikanda minane ni dakika ngapi, Hispania ilifikaje huko, aweza mtu kulipwa akiiona ile iliyopotea. Wasichana waliuliza habari za shamba. Kisha tukawapa kazi ya kuandika, kila mmoja barua ya Orlean kwa mumewe kutoka Chicago.

Wengi walimfanya Orlean aombe radhi, labda wakifikiri ndivyo mwalimu apendavyo. Wachache walimfanya atukane, nasi tuliwasahihisha tahajia tu. Mvulana mmoja, ambaye baba yake ni dereva wa malori ya kwenda Rwanda, aliandika barua nzima ya maswali, kurasa mbili, kila mstari swali. Msichana mmoja atokaye upande wa Chamwino aliandika kidogo kuliko wote. Hakumtaja baba mtu, wala fedha. Alieleza upepo, na jinsi mlango usivyofungika, na jinsi Orlean alivyokuwa akihesabu siku tangu mume aondoke kwa kutia mkwaruzo ukutani, akafika mkwaruzo wa kumi na moja. Hapo barua ikakoma, na nusu ya ukurasa ilikuwa wazi.

Tulimwita tukamwuliza kama muda ulimwishia.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Hapo chini nimemwachia mume wake aandike."

Tulimpa alama zake, tukamrudishia daftari.